Nzi wa Kijani Nyumbani kwa Tata Mwepu

Nilipokuwa mtoto kule Musonoi, Kolwezi, nyanya yangu, tuliyemwita Kaku, aliwajua nzi kuliko alivyowajua majirani. Mdogo wa kijivu anayetembea mezani ni mchafu tu, funika chakula. Anayeuma miguu anatangaza mvua. Lakini wa kijani, anayeng'aa, akiingia chumbani akakataa kutoka, basi kifo kinatafuta kitanda. Jirani yetu tata Mwepu, yaani baba Mwepu, aliliamini hilo kabisa. Mtoto wake akipata homa alikuja mbio: "Kaku, kuya uangalie nzi!" Na Kaku alienda kila mara.

Kisha wenyeji wakaanza kutufukuza sisi tuliotoka Kasai. Walituita bilulu, yaani wadudu. Na aliyesimama mlangoni kwetu na panga alikuwa nani? Tata Mwepu huyohuyo!

"Mutoke leo. Hii nyumba iko yangu."

Nyumba aliyoijenga baba kwa mikono yake!

Tukiwa tunafunga mizigo, Kaku akapanda juu ya meza, akasukuma ubao wa dari, akatupa humo matumbo ya samaki. Mama akashtuka.

"Kaku, unafanya nini?"

"Alituita bilulu. Mi namuachia bandugu betu."

Tulilala juu ya mizigo stesheni ya Kolwezi, tukingoja treni. Baada ya siku chache akaja tata Mwepu, kofia mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kaku, nzi bamejaa mu chumba. Na harufu ya mufu."

"Beko rangi gani?"

"Ya majani."

Kaku akamtazama kwa utulivu. "Basi unajua mwenyewe."

"Nifanye nini, mama?"

"Utoke."

Tata Mwepu hakwenda kutazama darini. Mtu anayengoja kifo hatafuti matumbo ya samaki. Mama mmoja muuza mikate alituletea habari: amehama na watu wake wote, na hakuna anayethubutu kulala mle.

Sisi hatukurudi. Kaku alifariki safarini, tukamzika kando ya reli, kwa haraka, treni ikipiga honi. Leo najua nzi wa kijani hufuata kinachooza, basi. Watu wa kanisani huniambia nisamehe, nami najaribu, kweli. Lakini nikiukumbuka uso wa tata Mwepu akimwita Kaku "mama" pale stesheni, nacheka, na wala sioni haya.