Sponji la Kinyozi

Hivi wewe ungefanyaje, mtu akiingia kwako akakuulia mifugo kwa sabuni, kisha akasimama kungoja shukrani?

Kinyozi alibwaga taulo sakafuni. Tangi lake la samaki, pale kwenye kona ya saluni, lilikuwa liking'aa mpaka linaudhi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa anajifuta mikono.

"Nimelisugua lote, shem. Hata lile sponji la pampu, jeusi, linateleza, nimelifua kwa sabuni na klorini. Lilikuwa linanuka uvundo."

"Huo uvundo ndio niliokuwa naufuga."

Tangi halikuwa na samaki kwa makusudi. Ugonjwa wa vidoa vyeupe ulipoingia, Kinyozi aliwahamishia wawili waliobaki kwenye beseni nyumbani kwa mama yake, akawatibu huko, ili vijidudu vya ugonjwa vife tangini kwa kukosa samaki wa kushambulia. Lakini pampu hakuizima. Kila siku alidondosha punje za chakula ndani ya maji matupu, zioze, ziwalishe bakteria wema waliojijengea ndani ya sponji. Hao ndio wanaomaliza sumu ya kinyesi cha samaki. Wateja walimcheka. "Kinyozi, unalisha mizimu?" Akayameza maneno yao, maana samaki walitakiwa warudi, na siku yenyewe ilikuwa kesho ya usafi huu. Beseni lilikuwa limewabana, wameanza kutweta juu ya maji.

"Si ungeniambia?" shemeji akasema.

"Nilikwambia mpaka mate yakanikauka. Ukanijibu, 'Tangi tupu hilo.' Kwako wewe kisichoonekana hakipo. Hujui, hutaki kuuliza, ila brashi unayo. Halafu unajiita msafi."

"Punguza moto, shem. Bakteria tu hao."

Mteja kitini akabana kicheko. Kinyozi akaiweka mashine mezani, asije akamchana mtu wa watu kwa hasira zisizo zake.

"Toka," alisema. "Toka na brashi yako."

Asubuhi, akiwa anafungua saluni, alimwona shemeji anavuka barabara polepole, amekumbatia mfuko wa nailoni uliojaa maji ya rangi ya chai. Ndani mlielea sponji jeusi tii. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa tope la sponji mpaka kiunoni.

"Nimeliomba kwa daktari wa meno," alisema, "kwenye tangi lake la samaki la pale mapokezi."

Alisimama kizingitini, hakuthubutu kuingia.

"Sijaliosha, shem."