Siku ya Usafi Tulipopanga Faili

Cornelia Sichalwe ni fundi wa kompyuta kwenye redio yetu ndogo hapa Chanji. Kwao ni Izia. Alfajiri anapalilia maharage, saa mbili yuko kazini, visigino bado vina udongo. Kompyuta ya kuhifadhia vipindi aliiunda mwenyewe, akaiwekea mfumo wa Linux, na kwa miaka minne haikutuangusha. Naandika habari zake nikiwa na kinyaa, na kinyaa chenyewe si juu yake.

Mfumo aliouweka haufuti kilichopo unapoandika kipya, unaandika pembeni. Kila Jumapili Cornelia huchukua nakala ya kila kitu, na nakala hiyo haili nafasi, kwa sababu inatumia vipande vilevile vya faili za leo. Ubaya wake ni kwamba faili hutawanyika diskini. Juu ya skrini alibandika karatasi: MSIPANGE UPYA FAILI, DISKI ITAJAA.

Jumatano moja mtu alifuta kwa bahati mbaya folda ya mahojiano ya wazee. Humo mlikuwa na sauti ya marehemu mzee Flavian akisimulia kwa Kifipa jinsi alivyomposa mkewe. Binti yake, Rozina, alikuwa ameiomba kwa ajili ya misa ya kutimiza mwaka tangu afariki. Familia haina sauti nyingine ya baba yao. Cornelia alikuwa safarini Matai akitengeneza mnara wetu wa matangazo. Nikampigia simu.

"Imo kwenye nakala, dada Precious," akasema. "Nikirudi Jumatatu nairudisha. Msiguse kitu."

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Tukafyeka nyasi, tukazibua mtaro. Meneja wetu, Andwele, mtu wa Mbeya, alijifunza kompyuta enzi zile za Windows ambapo ukipanga faili ulikaa ukitazama vimraba vya rangi vikijipanga mstari. Mpaka leo anaamini diski hufagiliwa kama uwanja.

"Usafi uingie na ndani ya mashine," akasema. "Precious, si unayo nywila ya Cornelia? Zipange hizo faili."

Nikamwonyesha ile karatasi. Akaibandua, akaifutia tope mikononi. Nilipaswa kukataa. Lakini barua yangu ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwake ikisubiri sahihi, basi nikakaa, nikaandika amri.

Kufika saa nane mchana diski imejaa pomoni. Kila faili ilikuwa imeandikwa upya mahali pamoja, huku nakala zikiendelea kushikilia vipande vya zamani, kwa hiyo kilichokuwa kimoja sasa ni viwili. Kipindi cha salamu kikashindwa kurekodiwa.

"Futa hayo makorokoro ya zamani," Andwele akasema, akimaanisha nakala.

Nikafuta, na nilijua kilichomo. 

Cornelia alirudi akahangaika siku tatu, chai yake ikipoa mezani. Hakupata kitu. Alichokiona ni kumbukumbu za mashine: amri ziliandikwa kwa nywila yake, Jumamosi akiwa Matai, na nywila hiyo alikuwa amenipa mimi tu. Alinitazama mara moja tu.

Rozina alipokuja, Andwele alimpa kiti, akalegeza sauti kama katekista.

"Pole sana, dada. Ni hii mitambo ya fundi wetu, imeleta hitilafu."

Nilikuwa palepale, nimesimama mlangoni. Nikatazama viatu vyangu.

"Kwa hiyo hata kidogo hakuna?" Rozina akauliza.

Cornelia akapiga goti mbele yake. "Hakuna, dada. Nisamehe. Mashine ilikuwa mikononi mwangu."

Siku hizi Rozina akimwona Cornelia sokoni hubadili njia. Mimi hunisalimia vizuri. Juzi aliniletea karanga kwenye mfuko, akasema ni shukrani, maana aliambiwa nilihangaika sana kumtafutia sauti ya baba yake. Nikazipokea.