Chokaa ya Bibi Kwenye Gilasi

Siku niliyowapulizisha wakulima wa mwani wa Kiuyu maji ya chokaa, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Na nilikuwa nimekwenda pale na hofu tele.

Nilihitaji ruhusa. Kipimo changu, kidude cha ukubwa wa chupa ya chai, kilitakiwa kifungwe kwenye kamba zao za mwani msimu mzima, kupima bahari inavyobadilika kwa kuimeza hewa ya moshi wa dunia. Walishakataa mara moja. Mwaka uliopita mwani uliwaozea, na kidude kigeni majini hakiaminiki. Wakikataa tena, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo ilikuwa imekwisha. Mwenyekiti wao ni bibi yangu mzaa mama, mtu asiyejua upendeleo.

Basi nikaiba kijaluba, kile kikopo chake cha chokaa ya kutafunia tambuu. Nikakoroga chokaa kidogo katika maji ya mvua, nikaiacha ituame, nikamimina yale maji maangavu ya juu na kuyazimua. Asubuhi nikawatokea ufukweni na gilasi na mrija.

“Pumzi zetu zina hewa ileile iliyomo kwenye moshi,” nikasema. “Shangazi, hebu puliza.”

Shangazi yangu, naye mkulima wa mwani, akavuta. Kwake mrija ni wa kunywea dafu, apulize kwa nini? Nikapiga ukelele nikidhani nimemuunguza koo. Akatema, akasukutua, akanitazama.

“Chokaa hino. Tambuu na popoo viko wapi?”

Tuliangua kicheko cha kushikana mabega.

Mara ya pili akapuliza kweli, na maji yakageuka kama tui. Waliruka! Kila mmoja akadai zamu yake. Waliopuliza sana walishikwa na kizunguzungu, wakaketi mchangani wakicheka hovyo. Nikawaeleza kwamba hewa imekutana na chokaa, vikafanya kitu kilekile kilichojenga gamba la chaza. Nilijiona profesa.

Lakini hawakuacha kupuliza. Zamu baada ya zamu tui likafifia, maji yakarudi kuwa maangavu. Sehemu hiyo nilikuwa nimeichorea picha kabisa, ila kwa furaha nikaisahau mfukoni. Bibi, ambaye hakuwa amecheka hata kidogo, akaichukua gilasi na kuiinua juani.

“Chokaa yangu imekwenda wapi?”

“Imo humo humo, bibi. Hewa ikizidi, maji huwa makali yakaiyeyusha. Bahari nayo tunaipulizia hivi hivi, pole pole. Haijafika hapo.”

“Na magamba ya chaza wachanga?”

Kicheko kikanikauka. Bibi ameokota chaza pwani ile tangu akiwa msichana.

“Ndilo ninalotaka kulijua,” nikasema.

Akaimwaga gilasi mchangani, akajifunga kanga kiunoni.

“Kilete hicho kidude. N'takifunga mie, mafundo yako ya chuo hayashiki. Na kijaluba changu nacho, mwizi we!”

Nikampa. Akakifungua, akaitazama chokaa iliyobaki. Aliichoma mwenyewe, kwa magamba ya pwani ileile. Akakifunga bila kutafuna, akatangulia majini, nami nyuma yake nikirukaruka kama mwana wa mbuzi.