Mama Mkwe na Gari la Milango Miwili

Mwaka 2017 nilinunua, kwa bei ya kutupa, kigari chekundu cha Kifaransa cha miaka ya themanini. Kidogo, chepesi, injini kali kama pilipili kichaa, milango miwili tu. Mafundi wa Johannesburg walikikimbia. Mimi nilikipenda kuliko nilivyowahi kupenda mahubiri yoyote. Mke wangu alikiita gari la mtu mmoja na ujinga wake.

Kisha mama yake akaja kutoka Lubumbashi. Alikuwa amesikia kwamba mimi nalisha gari, huku binti yake mjamzito anawashonea watu nguo Marshalltown hadi miguu inavimba. Alikuja kumchukua akajifungulie kwao, na kwetu mwanamke akichukuliwa hivyo, kumrudisha si kazi ya maneno matamu. Niliogopa sana, nikajifanya siogopi.

Kosa langu nililiona palepale kwenye stesheni ya mabasi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaketi bega kwa bega, hawagusani, hata macho hayakutani. Kwa hiyo kiti cha mbele hakikumfaa. Na nyuma huingii mpaka ukunje kiti cha mbele, kisha ujikunje mwenyewe. Mama mkwe wangu hakuumbwa kukunjwa. Niligeukia ukuta huku mke wangu akimsukuma na nusu ya basi ikitoa ushauri wa bure. Nilisikia jina la Yesu likitajwa, na haikuwa sala.

Niliendesha kama niliyebeba mayai. Tukasimama kwenye roboti, ndivyo Johannesburg waitavyo taa za barabarani; ilikuwa nyekundu. Kijana mmoja mwenye gari jipya akasimama kando yetu, akatutazama, akacheka, akaingurumisha injini yake.

Sauti ikatoka nyuma, mara ya kwanza kunisemesha tangu afike.

"Mukwe, ule mutoto anatuzarau. Utamuacha?"

Taa ikawa kijani, nikakanyaga mafuta. Yule kijana tulimwona kwenye kioo, akizidi kuwa mdogo. Mama mkwe alipiga vigelegele. Mke wangu alishika tumbo akaniahidi talaka.

Tulipofika nyumbani, mama hakuweza kutoka. Mke wangu alimvuta mpaka nikamkataza, kwa sababu ya mtoto tumboni. Nikabaki naitazama lami. Ndipo mkono mnene ukachomoza mlangoni.

"Mukwe, univute."

Kumgusa mama mkwe ni mwiko, na faini yake ni mbuzi, anayepelekwa nyumbani kwao kwa heshima. Niliushika ule mkono, nikavuta kwa nguvu zangu zote, akachomoka. Akakung'uta kitenge chake. Yeye akatazama ukuta, mimi lami.

"Basi ni mbuzi," akasema. "Mi minarudia kwetu peke yangu. Ile mbuzi utaileta we mwenyewe, na muke yako, na mujukuu wangu."

Mimi bado nilikuwa nawaza mbuzi. Mke wangu, mwenye akili, alikuwa ameshaanza kulia.