Kinanda Kilichokuwa Njiani

Ukutani mwa duka la kuchapa na kutoa fotokopi palibandikwa karatasi yenye herufi nene: USITUME PESA KWA KITU USICHOKISHIKA. Aliyeiandika ni Vidole mwenyewe, mchapaji wa duka hilo, na aliibandika kwa hasira. Alikuwa amechoka kuwachapia watu maelezo ya kupeleka polisi. Huyu kauziwa simu mtandaoni, kafungua boksi kakuta kipande cha sabuni. Yule katuma pesa ya kompyuta, na tangu siku ile namba ya muuzaji haipatikani. Vidole aliwachapia wote bila kuwatoza, ila kuwasema aliwasema.

"Mwambie muuzaji aandike jina lako kwenye karatasi, aiweke juu ya kitu chenyewe, akupigie picha," aliwafundisha. "Akikataa, achana naye. Akikuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwache huyo mteja akachukue. Na kama kitu kiko mbali, panda basi ukifuate, ukiwashe, ukijaribu, ndipo utoe pesa. Nauli haijawahi kumfilisi mtu. Unanunuaje mbuzi kwenye gunia?"

Watu walicheka, wakashukuru, na wako walionusurika kwa maneno hayo hayo. Ndiyo maana yaliyompata baadaye yaliwafanya waliomfahamu watikise vichwa na kusema kweli mganga hajigangi.

Jina la Vidole hakulipata kwenye kuchapa, ingawa wateja walidhani hivyo. Alilipata ujanani, alipokuwa akipiga kinanda katika bendi ndogo ya harusi pamoja na kaka yake. Kaka ndiye aliyeimba. Mchana alikuwa fundi rangi wa nyumba, na hata akioga vipi hakukosa doa jeupe nyuma ya sikio, lakini akishika kipaza sauti hakuna aliyemtazama masikio. Alisimama siku zote nyuma ya bega la kushoto la mdogo wake. Kiitikio kikikaribia, alimgonga begani kwa kidole, na kinanda kikajua la kufanya.

Walikuwa na nyimbo zao wenyewe, za kutunga, na hawakuwahi kuzirekodi. Kila mwaka walisema mwakani. Kisha mvua moja ikavujisha paa la chumba cha mazoezi, maji yakaingia ndani ya kinanda, na bendi ikafa nacho. Vidole akaenda kuchapa barua za watu. Kaka alipenda kupita dukani na kumtania.

"Zamani ulikuwa na kinanda kinachoimba," alisema, akigonga kibodi ya kuchapia. "Siku hizi umebaki na kinachokohoa."

Mzaha huo ulikoma siku kaka mwenyewe alipoanza kukohoa. Mwanzoni walilaumu harufu ya rangi. Sauti ikakwaruza, ikakwaruza zaidi, hadi mkewe akamshika mkono akampeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu mpole, na upole wake uliwatisha kabla hajasema neno. Kulikuwa na uvimbe pale pale sauti inapotokea. Wakiuacha, utamuua. Wakiukata, atapona, lakini hataimba wala kusema tena. Operesheni ikapangwa mwisho wa mwezi.

Nyumbani kaka alivua viatu, akakaa kwenye kochi, akasikiliza mkewe akiosha jikoni vyombo ambavyo vilikuwa visafi tayari. Ndipo akamgeukia mdogo wake.

"Nazitaka zile nyimbo, Vidole. Zote. Kabla ya kisu."

"Tunarekodi hata kesho, kaka. Simu ninayo."

"Bila kinanda? Unataka nitoke mbele za watu bila suruali?" Akacheka kidogo, akashika koo. "Na sitaki kinanda cha kubahatisha. Nataka kama kile chetu. Nyimbo zile zilizaliwa mle."

Aina ile ilikuwa imeacha kutengenezwa miaka mingi. Iliyobaki ni mitumba, na mitumba ya vitu kama hivyo haipatikani sokoni, inapatikana mtandaoni. Vidole alitafuta mpaka macho yakamwuma, akakipata. Rangi ile ile, vitufe vile vile, hata mpasuko mdogo pembeni uliofanana na wa kwao. Bei haikuwa ya kutupa. Ingekuwa ya kutupa, angeshtuka. Muuzaji alikuwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na alipoombwa athibitishe kwamba kinanda kinafanya kazi, akatuma video.

Uso haukuonekana. Ilionekana mikono tu, ya mwanamume aliyevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono, ikipiga polepole. Vidole aliitazama akiwa kaunta, mteja amemnyooshea kitambulisho cha kutolewa nakala, naye hamwoni. Mkono wa kushoto wa mpigaji yule ulikuwa na subira. Uliungoja wa kulia, ukaupa nafasi, haukuukimbiza. Kitu hicho hakifundishwi. Vidole alikitafuta ujana wake wote.

Alifunga duka mapema akampelekea kaka. Kaka alifumba macho. Mara ya kwanza alisikiliza. Mara ya pili akaanza kuvuma taratibu, na mara ya tatu akaimba, ubeti mzima wa wimbo wao, juu ya mikono ya mtu asiyemjua. Sauti ilikuwa imechanika kule juu, lakini chini ilikuwa bado na ule uvuguvugu wake. Shemeji alisimama mlangoni na beseni la nguo, asiingie wala asitoke. Vidole aliwaza kurekodi, lakini simu ndiyo iliyokuwa ikipiga kinanda. Na ya nini kurekodi mazoezi? Kinanda si kinakuja?

"Huyu ni mpigaji," kaka alisema.

"Mtu anayepiga hivi hawezi kuwa mwizi," Vidole akajibu.

Hapo ndipo alipopotea. Mtu mwingine yeyote, muuza viatu, dereva, hata yule bwana wa sabuni, angeilinda pesa yake. Vidole aliitazama mikono. Kumwambia mpigaji kama yule aandike jina kwenye karatasi apige picha aliona ni kumvunjia heshima, ni kama kumpekua mgeni mfuko mlangoni. Kwenda mwenyewe kungemla siku mbili, na siku zilikuwa za kuhesabu. Akatuma pesa yote. Kesho yake akatuma na ya usafirishaji.

Kuanzia hapo alipita kila jioni ofisi ya mizigo kwenye kituo cha mabasi. Karani wa pale, dada mmoja mwenye miwani, alimzoea hata akawa anatikisa kichwa Vidole akiwa bado barabarani. Muuzaji alikuwa na maneno. Basi liliharibika. Dereva alibadilishwa. Mzigo umeshuka kituo kisicho chake. Kisha siku moja simu yake ikaacha kupatikana, na Vidole akajua. Aliketi kwenye benchi la ofisi ya mizigo, katikati ya magunia na magodoro ya watu, akajua kila kitu, kama alivyojua kila mara mteja wake alipoanza kusema, "Alionekana mtu mzuri."

Laiti angeinuka pale akaenda moja kwa moja kwa kaka yake! Siku zilikuwepo. Wangeazima kinanda chochote, cha shule, cha jirani, hata cha watoto cha kuchezea. Kaka angenung'unika, angemwita mjinga, kisha angeimba. Lakini aibu ni mzigo mbaya. Mtu aliyeandika ile karatasi ukutani angesemaje kwamba naye amelizwa? Akajipa moyo kwamba labda ataipata pesa nyingine, labda atapata kinanda kingine, labda namba ile itawaka.

"Kimefika wapi?" kaka aliuliza kila jioni.

"Kiko njiani."

Na kaka, masikini, akawa anaitunza sauti. Alijifunga skafu shingoni kwenye jua. Alikunywa maji ya uvuguvugu na asali. Aliacha kuongea na majirani, aliwapungia mkono tu. Hata bafuni, alikozoea kuimba mpaka wapangaji wakagonga ukuta, alinyamaza. Shemeji alisema nyumba imekuwa kama ya wageni. Kaka aliiweka sauti yote akiba kwa ajili ya kinanda, na Vidole aliona kwa macho yake, akala chakula chao, akasema kiko njiani.

Kisha hospitali ikapiga simu. Kitanda kimepatikana mapema, mgonjwa aje kesho asubuhi, asile kitu.

Kesho yake walikaa watatu kwenye benchi la korido, kaka katikati, amevaa gauni la hospitali linalofungwa nyuma. Shemeji aliitwa dirishani kusaini. Wakabaki wawili.

"Kinanda?" kaka akauliza. Sauti ilikuwa ya mkwaruzo, ya mtu anayetembea juu ya kokoto.

"Hakuna kinanda, kaka. Nililizwa. Nimejua tangu wiki iliyopita."

Kaka aliitazama mikono ya mdogo wake iliyokuwa juu ya magoti. Nesi alitokea mwisho wa korido akisukuma kiti cha magurudumu. Vidole alitaka atukanwe. Alitaka kofi. Badala yake kaka akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichomwumiza waziwazi.

"Lakini anapiga, yule mwizi," alisema. "Anapiga kweli kweli."

Nesi akafika, akamsaidia kukaa, akamsukuma. Maneno hayo ndiyo ya mwisho ambayo mtu yeyote aliyasikia kwa sauti ile.

Kaka alipona. Alirudi na kitambaa cheupe shingoni na kibao kidogo cha kuandikia kwa chaki, akarudi pia kwenye rangi zake, kwa kuwa brashi haiulizi mtu kama ana sauti. Hakuwahi kumlaumu mdogo wake, wala kwa chaki. Hilo lilimwuma Vidole kuliko matusi. Aliibandua ile karatasi ukutani, na mwenye duka alipouliza, akasema herufi zimefifia. Alijichapia maelezo yake ya polisi, na safari hiyo hakukuwa na mtu kaunta wa kumsema. Usiku alilala akiusikia ule ubeti mmoja, na kila alipojaribu kuukumbuka vizuri, ulipungua kidogo.

Miezi ikapita. Siku moja, akimtafutia mteja spika ya mtumba, akakutana na ile video. Mikono ile, shati lile, ila jina la muuzaji lilikuwa jingine. Damu ikampanda. Chini ya tangazo mwanamke mmoja alikuwa ameandika: "Ndugu zangu, msitume pesa. Anayepiga ni marehemu mume wangu. Niliiweka video hii ili wanawe walio mbali wamkumbuke, watu wakaiiba. Kinanda hakiuzwi, kiko sebuleni kwangu."

Vidole alisoma mpaka mteja akamwuliza kama anaumwa. Akamwandikia yule mama, naye akapiga simu, sauti imejaa wasiwasi.

"Kaka yangu, kama ni pesa mimi sinazo. Wengine wananipigia kunitukana, wananiita mwizi."

"Sidai pesa, dada. Nina kaka yangu. Aliipoteza sauti yake akiamini kwamba mumeo ni mwizi. Nataka aone kwamba hakuwa."

"Njooni," mama akasema.

Wakapanda basi, safari ya siku nzima, kama zile ambazo Vidole alikuwa akiwahimiza wateja wake. Kaka alikaa dirishani na kibao chake mapajani. Mjane alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kanga begani, na sebule yake ilikuwa safi kupita kiasi, kama za watu wanaoishi peke yao. Ukutani kulikuwa na picha ya mumewe, shati limefungwa vifungo vyote. Chini ya picha, juu ya stendi yake, kinanda kimefunikwa kitambaa cha kufumwa.

Kaka aliiangalia picha ile muda mrefu. Akaandika, akampa mjane kibao: *Pole sana. Nilimwita mwizi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na subira.*

Yule mama alisoma, akakishikilia kibao kifuani mpaka chaki ikamchafua kanga. "Hata mimi alinisubiri hivyo hivyo," alisema. Akaenda akaondoa kitambaa. "Kipigeni. Tangu aondoke kinafutwa vumbi tu."

Vidole akaketi. Kilikuwa cha aina ile ile, na kidole chake cha kwanza kilipogusa, ile sauti ya zamani ikajaa chumbani, ikabidi asubiri macho yakauke. Akaanza wimbo wao, utangulizi wote. Alipofika pale ubeti unapoanzia, akapunguza mkono wa kulia kama alivyozoea, akabaki na wa kushoto tu, taratibu, ukiacha nafasi.

Mjane alingoja. Nafasi ikaendelea, tupu.

"Wimbo wenyewe unaanza lini, kaka?" akauliza kwa upole.

"Umeshaanza, dada."

Hakugeuka, maana hakuhitaji. Kaka yake alikuwa amesimama nyuma ya bega lake la kushoto, mahali pake, midomo ikienda, kitambaa cha shingoni kikipanda na kushuka. Kidole kikamgonga begani. Kiitikio kilikuwa kinakuja. Vidole akanyoosha mkono akapunguza sauti ya kinanda zaidi, isije ikamfunika kaka.