Jina la Mama Mbele ya Wakwe

Kwetu Mlali mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linawekwa kando. Mama yetu anaitwa Mama, halafu linafuata jina langu, kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Sokoni ni hivyo, kanisani ni hivyo. Hata akipokea simu, kabla hujafungua mdomo, anajitaja: Mama, na jina langu. Nimeringia jambo hilo tangu utotoni. Wadogo zangu wawili ni wanawe pia, sikatai, lakini anayetajwa ni mimi.

Basi mdogo wetu wa kiume alipooa Mzungu huko ughaibuni, na wazazi wa mke wakasema wanakuja kumsalimia mama, sikuuliza nani atawatambulisha. Nani mwingine? Nafundisha Kiingereza shule ya msingi hapa Miyuji. Watoto wanaoweza kusimama mbele ya mgeni, wakamwamkia na kutaja majina yao bila kutafuna kucha, wamepita mikononi mwangu. Nikaanza kumfundisha mama kwa simu. Mgeni akishasema amefurahi kukufahamu, nilimwambia, nawe unamrudishia vivyo hivyo, unampa mkono, unamtazama usoni. Mama alicheka. Alisema kumkazia macho mkwe ni kukosa adabu, ila kwa ajili yangu atajaribu.

Wiki ya ugeni, bwana harusi akanipigia.

"Dada, wewe simamia jikoni," akasema. "Mdogo wako ndiye atatambulisha. Yeye amezoea wageni."

Amezoea wageni! Mdogo wangu wa kike anakaa mapokezi katika ofisi moja kule Mtumba, anawaonyesha watu lifti ilipo. Nilisema sawa, kwa sababu dada mkubwa hagombani kwenye simu, lakini moyo uliniuma jamani, nisiwadanganye. Niliona wivu.

Siku ikafika. Nimesimama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, moshi machoni, ugali wa uwele nusu umeiva. Mdogo wangu kavaa gauni lililonyooshwa, kapendeza, na hilo nalo likanikera. Akafanya kama wanavyofanya ofisini kwake: akamwongoza mama wa bibi harusi hadi alipoketi mama, kisha kwa Kiingereza chake laini akamtaja mama kwa jina. Hakusema Mama nani. Alitaja lile jina lake la usichana, kavu kavu, mbele ya watu.

Shangazi akajishika mdomo. Jina lile hatujawahi kulitamka mbele ya mama. Mimi nililijua kwa kumsikia bibi akimwita, zamani, bibi akiwa hai. Sasa nitaficha nini? Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo umeumbuka, bibie, na Kiingereza chako cha kiyoyozi. Nikaweka mwiko chini nisije nikapitwa na maneno atakayoambiwa.

Mama akasimama. Akafuta mikono kwenye kanga, akampa mkwe mkono, akamtazama usoni kama nilivyomfundisha. Halafu akalirudia lile jina mwenyewe, taratibu. Mkwe naye akataja lake. Mama akamwomba mkwe atamke lile la mama, na mkwe akalitamka, akakosea kidogo, wakacheka wote wawili wameshikana mikono. Nyuma yangu ugali ukaanza kuungua.

Walilala pale kwetu, na kesho yake mama alishinda anaitwa na wageni kwa jina lile, na kila alipoitwa aliitika mara moja, hata akiwa zizini. Kuku niliyempika alisifiwa sana. Mdogo wangu ndiye aliyetafsiri sifa hizo, sijui kama alizifikisha zote. Tulipokuwa tunaosha vyombo aliniuliza kama nimenuna. Nikamjibu ni moshi.

Wageni walipokwisha kuondoka nilirudi Miyuji, na Jumapili nikampigia mama. Akapokea. Nilisubiri nisikie jina langu likitajwa, kama kawaida. Akajitaja kwa jina lake.

"Shikamoo mama," nikasema. "Ni mimi."

"Marahaba. Najua ni wewe, namba yako naijua." Kisha akaongeza: "Tangu bibi yenu afe hakuna aliyeniita hivyo, mpaka walipokuja wageni. Hebu na wewe niite, nisikie."

Mimi, ninayesimama kila asubuhi mbele ya darasa nikiwaambia watoto watamke majina kwa sauti, wasione haya, nilibaki na simu sikioni. Mdogo wangu aliweza kulitamka mbele ya watu wote uani. Mimi peke yangu chumbani, mlango umefungwa, sikuweza. Nikamuuliza kama huko mvua imenyesha.