Mfungwa wa Sauti ya Pili

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliichukia sauti ya pili. Nimekana darasani, nimekana kwenye makala, na nilipoulizwa redioni siku moja nilikana kwa ufasaha kiasi kwamba msikilizaji mmoja alipiga simu kunishukuru. Nilisema naipenda, kwamba ni sauti ya wenye subira, inashikilia wimbo kama boriti inavyoshikilia paa. Maneno mazuri hayo. Ukweli ni kwamba nilitaka sauti ya kwanza, ile yenye wimbo wenyewe, nikanyimwa, na mpaka leo, na mvi zote hizi, bado naitaka.

Kilichonifungua mdomo ni ujumbe wa dada yangu kutoka Magu. Mwalimu wetu wa kwaya anastaafu na anaagwa Jumapili, na sisi wanakwaya wake wa zamani tumeombwa tumwimbie ule wimbo wa mavuno aliotutungia. Dada ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza siku zote. Lakini mwaka huu amefanyiwa upasuaji wa shingo, na zile nota za juu zimekwenda. "Safari hii imba wewe ya kwanza," aliandika. "Si ulikuwa unaitaka?" Kumbe alijua.

Tulilelewa na bibi, kule Ilemela, kwa sababu wazazi walikuwa wakifanya kazi Misungwi na shule nzuri ilikuwa huko kwa bibi. Nyumba ya bibi iliegemea jiwe kubwa, hivyo ukuta mmoja wa chumba chetu ulikuwa mwamba mtupu. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, dirisha dogo lililokata kipande cha ziwa, na dada anayeimba. Aliimba akitandika, akisuka nywele, akichambua mchanga kwenye dagaa. Ukiziba masikio mwamba ulikuletea sauti yake kwa mgongoni. Na mimi nikijaribu kuudaka wimbo huo alikuwa ananigeukia: "We mtoto, hiyo si yako. Rudi kwenye sauti yako."

Sauti yangu nilipewa Jumamosi moja. Mwalimu alipuliza kifilimbi chake, akanitaka niimbe nota ile, akatikisa kichwa. "Sauti ya pili." Nikauliza kwa nini. "Dada yako ni ya kwanza," akasema, na rufaa yangu ikaishia hapo.

Kama hujawahi kuimba sauti ya pili, nikuambie ilivyo. Unapewa nota chache zilizo karibu karibu, unatembea humo mbele na nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi: nyasi za karibu umezimaliza, zile tamu unaziona ng'ambo. Tulifanyia mazoezi nyuma ya kanisa, karibu na pipa la maji, mimi na akina mama waliotoka kuanika dagaa. Kisha tulirudi ndani na kubanwa kwenye benchi la katikati, sauti ya kwanza upande huu, wanaume upande ule. Ndipo wimbo ulipotokea. Waliokaa kule mbele walifuta machozi. Mimi sikuwahi kuusikia, maana nikisikiliza tu, nimeshahama. Mwalimu alikuwa na msemo wake: "Ukimfuata mwenzako umepotea. Usipomsikia umepotea vilevile."

Bibi alikuja kutusikiliza mara moja, akatoka amekunja uso. Yeye alikulia kwenye ngoma za Kisukuma, Bagika upande mmoja wa uwanja, Bagalu upande wa pili, kila kundi na wimbo wake, wote kwa wakati mmoja, na watazamaji wakikimbilia kule kunakonoga. "Kwetu watu wakiimba nyimbo mbili kwa pamoja," alituambia jikoni, "wanataka mmoja abaki peke yake uwanjani. Ninyi nyimbo nne, na hakuna anayeshindwa. Mnaimba za nini?" Dada akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anayeshindwa ni nani.

Lakini bibi huyohuyo ndiye aliyetuweka kwenye kinu kimoja na michi miwili. Tulitwanga karanga za kulia michembe, viazi vile vya kukaushwa vilivyojaa ghala lake. Wangu ukishuka, wake uko juu. Ukiwahi, michi inagongana na mikono inakufa ganzi; ukichelewa, bibi anasikia akiwa uani na kuita, "Nani amelala huko?" Hatukuwa tunaongea. Nilimchukia dada kwa moyo wangu wote, na mikono yangu ilijua kila pumzi yake.

Sekondari nilidhani nimetoroka. Nikajiunga na mdahalo, mahali ambapo mtu husimama peke yake na hoja yake. Mada ya kwanza ilikuwa ile ya kila shule, mkulima ni bora kuliko mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kumsifu mkulima, nina bibi mzima wa mfano. Mwalimu wa zamu akanitazama. "Wewe upande wa kupinga." Tangu siku hiyo nilipinga kila kitu, hata nilivyoviamini. Nikawa hodari. Na hodari wa kupinga ana ugonjwa wake: mtoa hoja akiugua na asije, mpingaji hana la kusema.

Chuo kikuu ndiko nilikokuta kwamba kamba yangu ina jina. Mhadhiri alitueleza kontrapunti: nyimbo mbili zinazotembea pamoja, kila mmoja ukiwa na akili zake, bila kukanyagana. Akasema hata riwaya huandikwa hivyo, visa viwili vikijibizana bila wahusika kukutana. Nilinyoosha mkono kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nikaandika tasnifu juu ya hilo, nikapata kazi kwa hilo, nikajenga maisha mazima ya kusifu benchi la katikati. Ndivyo mfungwa msomi anavyofanya: anaandika kitabu kuhusu uzuri wa ukuta.

Binti yangu ndiye aliyeniumbua. Nilimbembeleza alale kwa nyimbo za kanisani, na alipokwenda shule ya bweni akauanzisha mmoja mbele ya wenzake. Wakaangua kicheko. Alirudi likizo ananidai maelezo: "Mama, ule siyo wimbo!" Kweli haukuwa. Nilikuwa nimemlaza mtoto kwa nusu ya wimbo miaka yote, na sikujua, kwa sababu nusu nyingine nilikuwa naisikia kichwani, kwa sauti ya dada.

Nyumba ya bibi haipo tena. Lile jiwe limepasuliwa kokoto, na mahali pake pana ghorofa lenye vioo. Kanisani kuna kinanda na spika ndefu kunizidi. Vijana wote wanaimba sauti ya kwanza, kinanda kinajaza mengine. Nilikwenda mwaka jana nikatafuta benchi la katikati. Hakuna katikati. Nilipaswa kufurahi, kwa kuwa hakuna mtoto atakayefungiwa humo tena. Nilitoka kabla ya sadaka.

Jana asubuhi dada alipiga simu. "Umefanya mazoezi?"

"Wiki nzima."

"Haya, nisikie."

Nikafunga mlango, nikaanza. Mstari wa kwanza nilikwenda vizuri, hata mimi nilijishangaa. Dada akanikatiza.

"Unaimba nini?" akauliza.

"Ya kwanza."

"Hiyo ni ya pili, mdogo wangu. Umeshuka pale kwenye 'mavuno'."

Nikarudia. Nikashuka. Nikarudia tena, polepole, nikiushika wimbo kama mtu anayevusha mayai, na pale pale, bila hata kujua, nikashuka. Ndipo dada aliposhindwa kuvumilia. Aliingia juu yangu na ile sauti yake ya baada ya kisu, inakwaruza, imechelewa kwa sababu ya mtandao, nota ya juu akaifikia nusu tu. Nikaendelea na yangu. Tukafika mwisho kila mtu kwa wakati wake.

Akakohoa. "Umesikia ilivyoharibika?"

"Imeharibika sana, dada."

"Basi Jumapili nitaiimba hivyohivyo. Wewe kaa ulipo."

Ningeweza kubisha, kubisha ndiyo kazi yangu. Nikasema, "Sawa, dada," na kifua kikashuka, nikapumua. Alipokata simu nilibaki nimeishika, nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimepumua kwa raha.